Makapi

Januari, kinu cha bondeni hakilali.
Mlango wa mbele yanatoka mafuta, yamevaa chupa.
Mlango wa nyuma yanatoka makapi:
tope jeusi, zito, la kokwa zilizosagwa,
linalonuka siki na gunia lililolowa.
Baba alilitaka. Lilikuwa la bure.
"Ardhi yetu imekonda, Tíscar. Tuilishe."
Eufrasio Moya: mizeituni mia tatu na kumi,
trekta moja, goti moja zima.

Tukalimwaga mstari kwa mstari.
Wa tisa ulipokwisha, dizeli nayo ikaisha,
ndiyo maana wa kumi ulibaki mtupu.
Maprofesa wangu hudhani nilipanga jaribio.

Februari akabeba pampu mgongoni,
akanyunyiza dawa ya magugu ileile ya kila mwaka,
vifuniko viwili kwa ndoo, kwingine kote na hapo.

Machi, mstari wa kumi uko uchi kama kipara cha padri.
Ile tisa, haradali ya mwitu imefika kiunoni,
njano tupu, nyuki wanasherehekea.
Baba akateremka mjini kumtukana Fermín muuza dawa:
"Umeniuzia maji!"
Fermín akamwonyesha lakiri ya kopo,
akaapa kwa kaburi la mama yake,
ambaye baba alimjua, na alikuwa hai.

Mimi nilichukua mabomba mawili ya plastiki, urefu wa mkono,
nikayashindilia ardhini kwa nyundo,
nikayapeleka maabara Granada yamejaa shamba letu.
Nikayasimamisha. Juu dawa, kisha maji,
kidogo kidogo, kama mvua yenye choyo.
Chini nikaweka chupa, nikangoja tone.
Cha mvunguni huinamiwa;
mshahara wangu wote ni wa kuinama.

Udongo mtupu ulikuwa mlango usio na komeo.
Siku ya tatu dawa ilikwisha kufika chupani,
na huko nje, chini ya chupa, kuna kisima.
Udongo wenye makapi uliishika.
Nikampigia baba simu usiku:
haikuwa maji, Baba, imekumbatiwa tu.
Tope lina vidole,
na gugu halinywi kilicho kiganjani mwa mwingine.
Akakohoa. "Kwa hiyo kisima ki salama?"
Ningesema ndiyo, nikalala.

Wiki ya pili, tone likatoka na rangi,
rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Makapi mabichi huyeyuka, na kilichoyeyuka husafiri,
na dawa, iliyomshika mwenyeji wake shingoni,
husafiri naye, abiria asiye na tiketi.
Ile iliyobaki juu haikuoza.
Vijidudu ambavyo vingeitafuna
vilikuwa na karamu tamu zaidi pembeni yake.
Miezi minne baadaye niliukamua udongo ule kwa spiriti
nikaikuta nzima, kimya,
kama jina la kaka yangu Ginés,
ambalo mezani kwetu halitamkwi.

"Sasa nimwage tena, au nisimwage?"
Baba hapendi majibu yenye miguu miwili.
Nikamwambia: yarundike. Yachanganye na matawi na samadi ya kondoo.
Yageuze. Yaache yaoze mwaka, mpaka yasinuke,
ndipo yatashika bila kutembea; nadhani.
"Unadhani."
Nadhani, Baba.

Desemba nimemkuta nyuma ya zizi la zamani la punda,
koleo limechomekwa kwenye rundo, rundo linafuka moshi.
Ametumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko.
"Lina joto," akasema. Kisha, bila kunitazama:
"Ginés angeleta viazi avioke humu."
Nikashika koleo, nikageuza upande wangu.

Chupa ya maji ya kisima ipo Granada, rafu ya pili.
Majibu ni Alhamisi.
Mpaka hapo tunanunua maji dukani,
na yeye huyamiminia mbwa kwanza.